Karatasi Baina ya Chuma na Chuma

Umeme ukikatika Kibokoni au Ndia Kuu, watu husema stima imepotea. Neno hilo halikuanzia kwenye nyaya. Limetoka katika Kiingereza, na wazee walilitumia kuitia jina meli ya mvuke, kabla ya taa ya umeme kuwaka katika nyumba yoyote ya kisiwa cha Mombasa. Neno meli nalo lina safari yake. Asili yake ni neno la Kiingereza la posta, maana vyombo vya mvuke vya British India, vilivyoanza safari za kila mwezi baina ya Aden na Unguja mwaka 1872, ndivyo vilivyokuwa vikileta barua. Mvuke umebaki katika ndimi zetu ingawa umekwisha kuondoka bandarini. Tulichosahau ni jinsi ulivyokuwa ukifungiwa.

Mvuke unaotoka mdomoni mwa birika hupotea hewani bila kusukuma kitu. Ili ufanye kazi ni lazima uwekwe kifungoni, na kila panapokutana vipande viwili vya chuma pana njia ya kutorokea. Njia hiyo huzibwa kwa gasketi. Hapa nachambua gasketi iliyo ndogo na rahisi kuliko zote, ile ya karatasi, inayokatwa kwa mkono kwa ajili ya injini ya mvuke ya mfano, injini inayoweza kukaa juu ya meza. Maswali ni matatu. Karatasi inawezaje kushika mvuke? Mpaka wake uko wapi? Na kuna haja gani ya kumfundisha kijana wa Mji wa Kale kuikata, ilhali vipuri vinauzwa mjini?

Msimamo wangu nauweka wazi mapema. Gasketi ya karatasi ni somo zima la uhandisi kwa bei ya bahasha moja, na watu wa pwani hii wana urithi wa kulifundisha, kwa kuwa kazi ya kuziba kiungo kigumu kwa kitu laini ilikuwa yao kabla ya injini ya kwanza kutia nanga.

Kalafati ilitangulia

Mbao za jahazi, hata zikirandwa na fundi hodari, hazikutani zikaacha maji nje. Fundi wa kalafati huchukua pamba, huisokota, huilowesha mafuta ya nazi au sifa, yaani mafuta ya papa, kisha huishindilia kwa patasi butu katika nafasi iliyo baina ya ubao na ubao. Chombo kikishushwa majini, mbao huvimba na kuibana pamba zaidi. Sehemu inayozama hupakwa deheni, mchanganyiko wa mafuta ya wanyama na chokaa. Hata mtepe wa kale, uliofungwa kwa kamba za nazi bila msumari hata mmoja, ulihitaji kuzibwa matundu yake ya kushonea.

Kazi hiyo ina nguzo tatu: kitu laini chenye nyuzi, mafuta ya kukijaza, na nguvu ya kukibana. Nguzo hizo hizo ndizo zinazoisimamisha gasketi ya karatasi. Pamba imegeuka karatasi, mbao zinazovimba zimegeuka bolti na nati, na mafuta yamebaki mafuta. Kilichobadilika sana ni shinikizo. Maji ya bahari hayaongezi shinikizo la kilo 1 kwa kila sentimita mraba mpaka ushuke mita 10. Injini ndogo ya mfano inayofanya kazi kwa kilo 2 kwa sentimita mraba, kwa hiyo, inakitaka kiungo chake kivumilie kana kwamba kimezamishwa mita 20, tena katika maji yaliyozidi joto la kuchemka.

Mvuke ulipofika kisiwani

Reli ya kwanza ya Uganda ilitandikwa Mombasa tarehe 30 Mei 1896, na mwaka 1901 njia ikafika Kisumu, kwenye ufuo wa Ziwa Viktoria. Vichochoro vya Mji wa Kale havikuingiliwa na injini. Humo yalipita magari madogo juu ya reli nyembamba, yakisukumwa na watu kwa mikono. Moshi ulibaki bandarini na stesheni.

Kilele cha enzi hiyo kilikuja katikati ya miaka ya 1950. Kampuni ya Beyer, Peacock ya Manchester iliunda injini 34 za aina ya Garratt za daraja la 59 kwa ajili ya Reli ya Afrika Mashariki. Kila moja ilikuwa na uzito wa tani 250 na ushei, na katika reli zote za upana wa mita moja duniani hapakuwa na injini ya mvuke iliyozishinda nguvu. Zilipewa majina ya milima ya Afrika Mashariki, zikavuta mizigo baina ya Mombasa na Nairobi, na kufikia mwaka 1980 zote zilikuwa zimestaafu. Mount Gelai na Mount Shengena zimehifadhiwa katika Makumbusho ya Reli mjini Nairobi. Dizeli ilipochukua nafasi, ujuzi wa mvuke uliondoka pamoja na watu wake, mmoja baada ya mwingine.

Kwamba kizuizi chembamba kinaweza kuokoa injini nzima, Ziwa Tanganyika linatoa ushahidi. Meli ya Graf von Goetzen ilizamishwa na Wajerumani wenyewe tarehe 26 Julai 1916 ili isitekwe, lakini kabla ya kuizamisha mafundi walizipaka mashine zake grisi nzito. Ilipoinuliwa mwaka 1924, miaka minane baada ya kuzamishwa, mashine zilikutwa bado nzima. Mwaka 1927 ilirudi kazini kwa jina la Liemba, na iliendelea kutumia mvuke hadi ilipotiwa injini za dizeli katika miaka ya 1970. Grisi hiyo haikuwa gasketi, lakini ilifanya kazi ya ukoo mmoja na gasketi: ilikaa baina ya chuma na kitu ambacho kingekiangamiza.

Jinsi karatasi inavyoushinda mvuke

Chuma kilichopigwa tupa kinaonekana kimenyooka. Ukikiweka juu ya kioo na kukitazama dhidi ya mwanga utaona mistari ya nuru ikipenya chini yake. Vipande viwili vya namna hiyo vikikutanishwa hugusana kwenye vilima tu, na mabonde hubaki wazi. Mvuke hupita mabondeni. Karatasi ikibanwa hapo katikati huingia mabondeni na kuyajaza. Hiyo ndiyo kazi yake yote.

Mtu akisikia hivyo huuliza kwa haki: mvuke wenye nguvu ya kuzungusha gurudumu utashindwaje kuipasua karatasi? Hesabu inajibu vizuri kuliko maneno. Chukua silinda yenye kipenyo cha milimita 20. Eneo la kifuniko chake ni sentimita mraba 3 na kidogo, hivyo kwa shinikizo la kilo 2, mvuke unakisukuma kifuniko kwa nguvu ya kilo 6 hivi. Mzigo huo unabebwa na bolti, nazo ni nne, kila moja ikipata kilo moja na nusu. Bolti ya milimita 3 huweza kubana kwa makumi ya kilo, kwa hiyo haina taabu. Karatasi yenyewe inasukumwa na mvuke kwenye ukingo wake wa ndani tu. Ikiwa unene wake ni milimita 0.1, eneo la ukingo huo wote ukiuzunguka ni milimita mraba 6 hivi, na nguvu inayojaribu kuitoa nje haizidi gramu 130. Gramu 130 upande mmoja, makumi ya kilo za bolti upande wa pili: karatasi haina pa kwenda.

Hesabu hiyo inatufunulia jambo ambalo wanafunzi wengi hulifahamu kinyume. Mtu akiona kiungo kinavuja, hukimbilia kuongeza unene. Akiweka kartoni ya milimita 0.4, ameongeza mara nne ukingo ambao mvuke unausukuma. Tena amekisogeza kifuniko mbali na pistoni, na mvuke utajaza pengo hilo kila mzunguko bila faida. Kanuni ni moja: tumia karatasi nyembamba kuliko zote zinazoweza kujaza mabonde ya chuma chako. Kama karatasi nyembamba haitoshi, dosari imo katika chuma. Kirudishe kwenye msasa uliotandazwa juu ya kioo, ukisugue kwa mwendo wa nambari nane mpaka alama za tupa zitoweke.

Karatasi ipi

Rimu ya karatasi za kawaida za ofisini ina karatasi 500 na unene wa sentimita 5 hivi. Gawanya, utapata milimita 0.1 kwa kila karatasi. Hicho ni kipimo kilichomo katika kila duka la kupiga chapa, na kinamwezesha mwanafunzi asiye na chombo cha kupimia kujua anachoshika mkononi.

Kwa uimara, bahasha ya kaki inaishinda karatasi nyeupe. Karatasi ya namna hiyo hutengenezwa kwa nyuzi ndefu za mti ambazo hazikudhoofishwa kwa kupaushwa, na jina lake la kiwandani, kraft, ni neno la Kijerumani lenye maana ya nguvu. Karatasi ya gazeti ina nyuzi fupi, hukatika mapema. Karatasi ya majarida yenye kung'aa imepakwa udongo laini, hivyo haifyonzi mafuta. Pakiti ya maziwa inavutia kwa ugumu wake, lakini ndani ina utando wa plastiki unaoyeyuka kwenye digrii 110 hivi za Selsiasi, na mvuke wa kilo 1 tu una digrii 120. Anayeitumia atakuta kiungo kimeshikamana kwa ute, au utando umeingia katika tundu la mvuke na kuliziba.

Karatasi pia ina mkondo wake kama mbao. Ichane: upande mmoja huchanika kwa mstari mnyoofu, upande wa pili huenda upogo. Ikipata unyevu hutanuka zaidi kwa kuukata mkondo kuliko kuufuata. Hewa ya kisiwani ina unyevu mwingi, na gasketi iliyokatwa asubuhi ya kusi ikaachwa kavu mezani yaweza kukutwa matundu yake hayalingani tena na bolti. Dawa yake ni kuilowesha mafuta mara tu baada ya kukatwa. Mafuta ya mbegu za kitani yanafaa kwa kiungo kisichofunguliwa mara kwa mara, kwani hukauka na kuwa kama vanishi. Oili ya injini au grisi inafaa pale unapotarajia kufungua tena, maana karatasi itabanduka nzima.

Mkono, panchi na wembe

Mafundi wa injini za mashua wana njia inayojulikana: karatasi huwekwa juu ya chuma, kisha ukingo hupigwapigwa kwa nyundo yenye kichwa cha mviringo mpaka chuma chenyewe kiikate karatasi. Kwa chuma kigumu njia hiyo ni nyepesi na sahihi. Kwa injini ya mfano, ambayo aghalabu ni ya shaba au aluminiamu, njia hiyo ina madhara. Nyundo huulaza ukingo wa chuma laini, na kiungo kilichokuwa kizuri huanza kuvuja kwa kosa la fundi mwenyewe. Hapo nyundo iwekwe kando.

Anza kwa kuchukua sura. Paka oili kidogo kwa kidole kwenye uso wa chuma, kilaze juu ya karatasi, bonyeza, inua. Alama itabaki. Kata matundu ya bolti kwanza. Panchi nzuri hupatikana katika antena ya redio iliyokufa, kwa sababu antena hiyo ni mirija ya shaba inayoingiana, kila mmoja na kipenyo chake. Noa mdomo wa mrija kwa tupa, weka karatasi juu ya kichwa cha gogo, gonga mara moja. Tundu litoke safi, bila ndevu.

Kisha kata nafasi ya silinda na njia za mvuke kwa wembe mpya. Ukingo wa nje ukatwe mwisho kabisa. Mfuatano huu una sababu. Maadamu karatasi ni pana, inajishika yenyewe. Ukianza na nje utabaki na pete nyembamba inayojipinda kila ukiigusa. Ukimaliza, iweke mahali pake na uitazame dhidi ya mwanga. Unywele mmoja wa karatasi ukining'inia mbele ya tundu la mvuke lenye milimita 2, umeinyima injini pumzi yake.

Kukaza nako ni fani. Bolti zote zikazwe kwa vidole kwanza. Baadaye spana ifuate mkabala, bolti moja kisha ile inayoikabili, robo mzunguko kila mara. Anayeikaza bolti moja hadi mwisho kabla ya kuigusa ya pili anakiinamisha kifuniko, na karatasi hubanwa upande mmoja ikabaki huru upande wa pili. Injini iendeshwe mpaka ipate moto, iachwe ipoe, kisha bolti zipitiwe tena, kwa kuwa karatasi hulala baada ya joto la kwanza. Viungo vingi vinavyolaumiwa kwa karatasi mbaya vilikosa hatua hii ya mwisho.

Mpaka wa karatasi

Sifa zote hizo zina kikomo, na ni wajibu wa anayefundisha kukitaja. Mvuke wa kilo 3 una joto la digrii 143 hivi, na karatasi iliyoloweshwa mafuta huweza kuuvumilia katika injini ndogo. Kadiri joto linavyopanda zaidi ya hapo, nyuzi zake huanza kukauka, kubadilika rangi na kuvunjika. Boila za Garratt zilifanya kazi kwa kilo 16 hivi kwa sentimita mraba, joto linalozidi digrii 200. Hapo karatasi haina nafasi. Hata katika mfano wa mezani, karatasi ni ya silinda na kisanduku cha vali. Boila iungwe kwa fedha ya kulehemu, iwe na vali ya usalama, na ijaribiwe kwa maji baridi kabla ya moto kuwashwa chini yake. Lita 1 ya maji ikigeuka mvuke hewani hujaza nafasi ya lita zaidi ya 1,600, na nguvu ya namna hiyo haichezewi na mtoto asiye na msimamizi.

Pana hatari nyingine iliyo kimya. Kwa miongo mingi mabamba ya gasketi za joto kali yalitengenezwa kwa asbesto. Shirika la Afya Duniani linasema aina zote za asbesto husababisha saratani, na nchini Kenya Kanuni za Usimamizi wa Taka za mwaka 2006 zinaihesabu miongoni mwa taka hatari. Anayefungua mashine ya zamani akakuta gasketi ngumu ya kijivu asiikwangue ikiwa kavu, wala asiipige msasa, wala asiipulize vumbi lake. Karatasi, kwa udhaifu wake wote, haimwachii fundi ugonjwa kifuani.

Hoja ya dukani

Wapo wanaosema kazi hii imepitwa na wakati. Gasketi zilizokatwa kwa mashine zinauzwa, na silikoni ya mrija inaziba chochote. Hoja hiyo ina ukweli kwa injini mpya ya mashua yenye vipuri vyake. Haina ukweli kwa injini ambayo kiwanda chake kimeacha kuiunda, wala kwa injini aliyoiunda mwanafunzi mwenyewe, maana hakuna duka linaloweza kuuza gasketi ya kitu kilichozaliwa jana. Silikoni nayo, ikibanwa, hufurika ndani. Katika injini kubwa ziada hiyo haina athari sana, lakini katika tundu la milimita 2 ni kizibo.

Hoja yangu kubwa zaidi inahusu akili ya anayekata. Methali inatuambia tusipoziba ufa tutajenga ukuta. Gasketi inamfundisha kijana kuuona ufa kabla haujatokea, kwenye chuma kinachoonekana hakina kasoro. Ndani ya saa moja amegusa shinikizo, joto, eneo, unyevu na subira, na akikosea, mvuke unamwonyesha kosa lake hapo hapo.

Mombasa imewahi kuamini elimu ya namna hii. Taasisi ya Elimu ya Kiislamu ya Mombasa, iliyojulikana kwa kifupi kama MIOME, ilipokea wanafunzi wake wa kwanza mwaka 1951 kwa lengo la kuwapa vijana Waislamu wa Afrika Mashariki elimu ya ufundi. Taasisi hiyo, palepale Tudor kisiwani, ikawa Politekniki ya Mombasa, na tangu 2013 ni Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa. Mtaala wa Umilisi nao umeweka maandalizi ya ufundi katika Sekondari Msingi. Mlango uko wazi. Kinachohitajika ni kazi ndogo, nafuu na salama ya kuupitia.

Kwa walimu napendekeza waanze bila moto kabisa. Injini ndogo ya silinda moja huzunguka kwa hewa ya pampu ya baiskeli kama inavyozunguka kwa mvuke. Povu la sabuni likipakwa kwenye kiungo huonyesha palipovuja, kama fundi wa baiskeli anavyoitafuta pancha ndani ya beseni. Karatasi ikishinda hewa, hatua ya mvuke ifuate baadaye, chini ya jicho la mtu mzima anayejua boila.

Na kwa mafundi wa Bandari ya Kale ombi langu ni moja. Gasketi mliyoibandua nzima msiitupe. Ichoreni kwenye daftari, andikeni ni ya injini gani, unene wake na mafuta mliyotumia, kisha mwiteni kijana wa mtaani aikate ya pili mbele yenu. Ujuzi wa kalafati ulifika mpaka kwetu kwa njia hiyo hiyo, mkono ukitazamwa na jicho. Ujuzi wa karatasi baina ya chuma na chuma unastahili kupokezwa vivyo hivyo, na gharama yake ni bahasha moja ya kaki.